Hati ya ukoo si cheti cha afya ya paka

Wengi huamini kwamba paka wa Kiajemi mwenye hati ya ukoo anafaa kuzalishwa. Hati hiyo hutaja wazazi na mababu. Hali ya figo haimo.

Baadhi ya paka hawa hurithi ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo. Mzazi mmoja mwenye nakala moja ya jeni yenye hitilafu hurithisha takriban nusu ya watoto, na dalili huchelewa kwa miaka, paka akiwa ameshazaa. Inasikitisha, maana kipimo ni chepesi: pamba husuguliwa ndani ya shavu, hupelekwa maabara ya DNA. Altrasaundi ya figo kabla paka hajafikisha umri wa miezi 10 huweza kukosa vifuko vidogo. Omba majibu ya DNA ya wazazi wote wawili, ukilinganisha namba iliyo kwenye majibu na ile ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya paka.