Video ya mashine za kukimbilia: dhana potofu kabla hamjashika kamera

Bendi changa zikija kwangu kupanga video yao ya kwanza, mara nyingi simu ya mmoja wao hutolewa mfukoni ikiwa na video ile ile: vijana wanne wakicheza juu ya mashine za kukimbilia, zile za mazoezi zenye mkanda unaozunguka. Ni "Here It Goes Again" ya OK Go, bendi ya Marekani, ya mwaka 2006. Naipenda sana, na kwa sababu hiyo huwa naumia nikisikia inavyoelezwa.

Dhana: "Haina gharama, kwa hiyo hata sisi tunaiweza Jumamosi moja."

Kwa pesa, ni kweli haitishi. Kamera imesimama mahali pamoja toka mwanzo hadi mwisho, na picha haikatwi. Mbele yake kuna mashine nane, safu mbili za nne nne, mikanda ikienda pande zinazopishana. Basi, hakuna kingine.

Lakini pale ambapo wengine wangeweka pesa, wao waliweka siku za mazoezi. Uchezaji waliubuni pamoja na Trish Sie, dada yake mwimbaji Damian Kulash, na tunachokitazama ni jaribio la 17. Video isiyokatwa haina pa kufichia kosa: mmoja akikanyaga vibaya karibu na mwisho, wote wanarudi mwanzo.

Zima sauti, chagua mchezaji mmoja, mfuate yeye tu. Kisha rudia kwa wa pili, wa tatu na wa nne. Utaona jambo ambalo ukitazama juu juu linakupita: anayetembea anabaki palepale, na anayesimama tuli ndiye anayesafiri. Sakafu imegeuza kanuni ya mwili, na uchezaji wote umejengwa juu ya hilo. Mimi ilinichukua kuitazama mara nyingi sana kabla sijaliona, na tangu hapo sijaacha kuwaambia wanamuziki watazame miguu kabla ya sura.

Dhana: "Kuchambua ni kutafuta cha kuiga."

Niliwahi kukubaliana na hilo. Mimi na bendi moja tulikodi mashine mbili, tukashinda nazo kutwa nzima, na wale vijana walijituma kweli kweli. Tulipokaa kutazama kazi yetu, wimbo haukuwepo tena. Kila aliyeiona alitaja OK Go. Wimbo ulikuwa wa kuagana, mzuri mno, na tuliufunika wenyewe.

Tuliporudi tena tulijiuliza swali tofauti: mtaani kwetu, ni kitu gani kinamsafirisha mtu aliyesimama? Mpiga ngoma akajibu, mkokoteni. Mpiga gitaa akasimama juu yake bila kutikisika, ukasukumwa polepole, na mwimbaji akatembea kando yake akielekea upande wa pili. Kwenye kiitikio walipishana kwa muda wa pumzi moja. Hapo wimbo ukarudi.

Dhana: "Bendi huru hufanya kila kitu yenyewe."

Mwaka 2006 OK Go hawakuwa huru. Walikuwa chini ya Capitol, lebo (chapa inayorekodi na kuuza muziki) ya kampuni kubwa ya EMI. Walitoka mwaka 2010 wakaanzisha lebo yao, Paracadute. Na mwaka huo huo video yao ya "This Too Shall Pass", ile ya mtambo mrefu ambamo kitu kimoja huangusha kingine, ilidhaminiwa na kampuni ya bima ya State Farm, na mtambo wenyewe ulijengwa wakishirikiana na mafundi wa Synn Labs. Kutaka uhuru hakukuwazuia kupokea msaada. Kulimaanisha wao ndio wanaoamua wafanye nini na nani.

Dhana: "Mwendo unaouona ndio mwendo waliorekodia."

Hapa wengi hupotea. "The One Moment" ya mwaka 2016 imejengwa juu ya milipuko na rangi zilizorushwa kwa sekunde 4.2 tu, kisha zikanyooshwa zijaze sehemu kubwa ya wimbo. Kamera ya kazi kama hiyo hamtaikodi leo, lakini kanuni yake imo kwenye simu zenu. Wekeni kamera irekodi fremu (picha moja moja) 60 kwa sekunde, pigeni wimbo kwa kasi maradufu, mwimbaji apige pleibeki, yaani aigize kuimba juu ya wimbo uliorekodiwa, akiifuata kasi hiyo. Mkiicheza picha kwa fremu 30, midomo italingana na wimbo wa kawaida, ila nywele, kanga na vumbi vitaelea. Mkitaka kinyume chake, wimbo upunguzwe nusu wakati wa kurekodi, kisha picha iharakishwe: watu watakuwa na wepesi usio wa kawaida, kama wanasukumwa na upepo.

Jaribuni kwanza kwa ubeti mmoja, uani, kabla hamjakodi chochote. Maneno mengi yakitamkwa kwa kasi maradufu hugongana mdomoni, na ni bora mwimbaji alijue hilo nyumbani kuliko siku ya kurekodi video.