Pupa wa kiwavijeshi: hesabu joto, usihesabu siku

Kiwavijeshi vamizi akishashiba mahindi hushuka ardhini, hujichimbia sentimita chache na kugeuka pupa: kitu cha kahawia kisichokula wala kutembea. Ukimfukua wakati wa palizi utadhani amekufa. Kumbe ndani kuna ujenzi mkubwa. Mwili wa kiwavi unavunjwavunjwa, na humo humo zinaundwa mbawa, miguu na vipapasio vya nondo.

Ujenzi huo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, navyo huenda kwa mwendo wa joto. Ng'ombe hujipasha mwili mwenyewe. Pupa hawezi, joto lake ni lile la udongo aliolala.

Basi ukiuliza pupa hukaa siku ngapi, hakuna jibu moja. Kwenye nyuzi 32 za Selsiasi hukaa kama siku 8. Kwenye nyuzi 18, kama siku 30. Mdudu ni yule yule.

Jambo la kushika ni kizingiti. Chini ya nyuzi 13 hivi, ukuaji wake husimama. Kila nyuzi inayozidi hapo huingia kwenye akiba ya siku. Udongo wa nyuzi 18 huweka 5 kwa siku. Kwa siku 30 ni 150. Wa nyuzi 32 huweka 19. Mara 8 ni 152. Hesabu zinakutana! Akiba ikifika karibu 150, nondo hutoka. Hesabu hii huitwa nyuzi-siku.

Ndiyo maana tarehe alizopewa mkulima wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hazimfai wa Makete au Njombe, kwenye nyanda za juu zenye baridi. Huku juu, kipupwe cha Juni na Julai humchelewesha sana pupa, na mwenye mahindi ya vinyungu, yaani bustani za bondeni, anaweza kudhani mdudu ameisha. Kuchelewa si kufa. Joto likipanda Septemba, waliobaki hai huendelea pale walipoishia. Joto likizidi mno nalo hudhuru: wengine hufa, wengine hutoka na mbawa zilizokunjamana.

Kama una kipimajoto, kichomeke sentimita 5 ardhini asubuhi na alasiri. Tafuta wastani, toa 13, jumlisha kila siku. Ukikaribia 150, anza kukagua majani machanga kutafuta mayai.