Eti jaza mafuta alfajiri utapata mengi?

Kila bei ya petroli ikipanda ile meseji inarudi kwenye magrupu: jaza gari alfajiri, mafuta yakiwa ya baridi yanakuwa mazito so lita moja inakuwa na mafuta mengi kuliko mchana. Kuna kaukweli ndani yake ndo maana watu wanaiamini, petroli kweli inatanuka ikipata joto, kama 0.1% kwa kila nyuzi 1 ya selsiasi. Ila matenki ya sheli yamefukiwa chini ardhini, na huko jua la saa nane halifiki, joto la mafuta halibadiliki sana asubuhi mpaka jioni. Hata likitofautiana nyuzi 1, kwenye lita 40 unapata mililita 40 hivi, kikombe cha kahawa ya kijiweni hakijai!

Kama unabisha andika kilomita zako, wiki unajaza alfajiri wiki unajaza mchana, utaona foleni na upepo wa matairi ndo vinavyokula mafuta. Cha kuangalia pale sheli ni pampu ianze sifuri. Hiyo meseji ikikufikia usiifowadi, watu wanadamka saa kumi bure.