Gitaa la Shingo Fupi si la Watoto

Wapo wanaoamini kwamba gitaa la umeme kama Mustang, ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi, haliwezi kutulia kwenye sauti kwa sababu nyuzi zake ni fupi. Ufupi huo hauna hatia. Urefu wa uzi unaopigwa ukipungua kutoka inchi 25.5 za Stratocaster, gitaa jingine la Fender, hadi inchi 24 za Mustang, mkazo hupungua kwa takriban asilimia 11, ikiwa uzi ni uleule na sauti ni ileile. Hivyo ukiondoa uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.009 na kufunga wa 0.010, mkazo hurejea na hata kuzidi kidogo.

Tatizo halisi, hasa kwenye magitaa ya bei nafuu, huwa kwenye kipande chenye mifereji kilichoko kichwani mwa shingo: mfereji ukiwa mwembamba, uzi hunasa na kulia “tiki” unapokazwa. Upanue kwa tupa nyembamba, polepole, bila kuuongeza kina, kisha paka unga wa risasi ya penseli. Kubadilisha pikapu, yaani kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi, jambo ambalo wengi hulikimbilia kwanza, hakugusi tatizo hili hata kidogo.