Maiki ndogo ya kondensa: kabla hujanunua, isikilize ubavuni

Meseji ninayoipata kuliko zote ni hii: "kaka nataka kurekodi gitaa la akustiki, ninunue maiki gani ndogo ya kondensa?" alafu zinafuata skrinishoti mbili za grafu za jinsi maiki inavyosikia sauti za chini mpaka za juu, kila moja na mstari wake unaopanda na kushuka, eti nichague. Mimi najibu kwa maswali mawili, unarekodia kwenye chumba gani na chombo chako unakipiga kwa nguvu au taratibu? Wengi wanaona nawazungusha. Siwazungushi jamani, ni kwamba zile grafu zimepimwa sauti ikija moja kwa moja usoni mwa maiki, na gitaa haliko hivyo hata siku moja.

Ngoja nianzie chini kidogo. Ndani ya kondensa kuna utando mwembamba sana, ndo diaframu yenyewe, umekaa karibu kabisa na kibamba cha chuma na katikati yao kuna chaji ya umeme. Sauti ikiupiga utando unacheza, ile nafasi kati yake na kibamba inapungua na kuongezeka, na hayo mabadiliko ndo yanatoka kwenye waya. Mhandisi E. C. Wente alitengeneza ya kwanza kule Marekani mwaka 1916 kwa hiyo siyo kitu cha juzi. Zile maiki nene za waimbaji utando wake ni kama inchi moja, milimita 25 hivi au zaidi. Hizi ndogo, zile nyembamba ndefu kama kitochi, utando uko chini ya hapo, nyingi milimita 12 mpaka 20 na kitu.

Sasa hizo milimita zina kazi gani? Wimbi la sauti la kilohezi 10, yaani mitetemo elfu kumi kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 3.4 hivi, la kilohezi 20 ni kama milimita 17 tu. Chukua utando mpana, alafu sauti ya juu ije kutokea pembeni: upande mmoja wa utando wimbi linasukuma, upande wa pili kwa wakati huohuo linavuta, vinakatana, zile sauti za juu zinapotea njiani. Utando mdogo haupati shida hiyo sana. Kwa hiyo kitu kikitokea ubavuni kwa maiki ndogo kinasikika chini kidogo lakini ni kilekile, wakati kwa maiki kubwa kinasikika kama kimefunikwa blanketi.

Na hapa ndo penyewe, maana gitaa halina mdomo. Muimbaji ana mdomo mmoja, unaweka maiki mbele yake basi. Gitaa linatoa sauti kwenye ubao wa mbele, kwenye tundu, kwenye daraja, shingoni, mpaka vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi vina sauti yao, na fidla ndo usiseme, kila masafa, yaani sauti nene na nyembamba, yanaelekea kwake. Ongeza kuta, dari na sakafu ambavyo vyote vinarudisha sauti kwa maiki kutoka kila upande. Ukipiga hesabu utakuta sehemu kubwa ya unachorekodi haikuja usoni mwa maiki, imeingilia ubavuni. Maiki yenye ubavu mbaya itakupa gitaa zuri ndani ya chumba kibaya, hata kama chumba chako hakina neno.

Ndo maana mtu akiniletea maiki nakagua ubavu kwanza. Nachukua shada la funguo, naivaa hedifoni, maiki iko kwenye stendi, natingisha funguo usoni kwa umbali wa nusu mita alafu naanza kuzunguka polepole huku natingisha vilevile. Funguo ni nzuri kwa sababu zina sauti za juu kibao. Kwa maiki nzuri mlio unashuka taratibu huku ukibaki mlio wa funguo, mpaka nifike nyuma. Kwa maiki mbovu nikifika kama digrii 60 hivi mlio unageuka, unakuwa wa bati, au unazama alafu unarudi tena mbele kidogo kana kwamba kuna mtu anachezea ikyu, ile ya kupandisha na kushusha sauti za chini na za juu. Baada ya funguo narudia kwa kuongea, nahesabu moja mpaka ishirini huku nazunguka, maana sikio la binadamu halidanganyiki kirahisi kwenye sauti ya mtu. Dakika tatu zinatosha, na hakuna grafu itakayokwambia hayo vizuri hivyo.

Kuna kipindi nilinunua pea ya maiki kwa sababu ya mng'ao tu, yaani sauti za juu zimeinuliwa, kampuni siitaji. Kwenye gitaa la kwanza nilifurahi mno, nyuzi zinawaka, nikajiona fundi. Wiki ileile akaja mpiga fidla, nikaweka maiki palepale juu ya mkono wake, na tulipofungua rekodi kila upinde ulikuwa unakwaruza kama kisu kwenye sahani. Nikahamisha maiki mara nne, nikashusha sauti za juu kwenye ikyu, ikawa imefifia lakini bado inakwaruza. Mng'ao ukitengenezwa ndani ya maiki unaubeba kila unakoenda. Siyo kwamba kila maiki iliyoinuka juu ni mbaya, hata Neumann KM 184 ambayo iko studio nyingi sana duniani imeinuka kiasi karibu na kilohezi 9, wakati kaka yake wa zamani KM 84 ni tambarare zaidi, ila kama utakuwa na pea moja tu ya kufanyia kila kitu bora uchukue iliyotulia alafu mng'ao uongeze mwenyewe baadaye.

Kitu cha pili ni kelele ya maiki yenyewe, na hapa maiki ndogo zinalipa gharama ya udogo wao. Utando mdogo unakusanya nguvu kidogo, kwa hiyo lile shshsh la ndani linakuwa karibu zaidi na muziki wako. Angalia namba, Rode NT1-A ambayo ni ya inchi moja ina desibeli 5 tu za kelele, ila KM 184 ina 13, Rode NT5 na Shure SM81 zina 16, AKG C451 B ina 18. Zote hizo ni maiki za maana, wala usiogope, gitaa la kukwangua nyuzi zote kwa piki hutasikia tofauti kabisa. Ila mtu anayecheza kwa ncha za vidole, taratibu, na we umeweka maiki mita moja ili chumba kiingie, hapo ukipandisha geini, yaani nguvu ya maiki kwenye mashine, lile shshsh linakaa katikati ya noti na noti kama mvua ya mbali. Nimewahi kuharibu rekodi ya jioni nzima hivyo, sikusikia mpaka nilipotoa spika nikavaa hedifoni. Mimi kwa vyombo vya taratibu nikiona 16 bado nakubali, nikiona 20 na kuendelea nasogea karibu au natafuta nyingine.

Alafu jihadhari na jinsi wanavyoiandika. Wengine hawaandiki kelele, wanaandika uwiano wa sauti na kelele, namba inakuwa kubwa inavutia. Toa kwenye 94 tu, kama wameandika 78 basi kelele ni 16. Na uhakikishe zote mbili unazolinganisha zimepimwa kwa kipimo cha A, maana kuna kipimo kingine ambacho maiki ileile inatoa namba kubwa zaidi kwa desibeli kumi hivi na utaionea bure.

Ile namba ya sauti kubwa kabisa ambayo maiki inaweza kubeba, 135 au 140 sijui ngapi, kwa gitaa na udi na fidla iache, hamtafika huko. Iangalie kama utaweka maiki juu ya ngoma au mbele ya tarumbeta.

Umbo la kusikia je? Nyingi zinakuja na kardioidi, inasikia mbele inakataa nyuma, na kwa mtu anayerekodia chumbani kwake hiyo ndo pa kuanzia. Shida yake ukiisogeza karibu besi inavimba. Omni, ile inayosikia pande zote sawa, haina uvimbe huo, unaweza kuibandika sentimita 15 kutoka kwenye gitaa na besi ikabaki ya kweli, na mara nyingi ubavu wake ni mzuri kuliko kardioidi, mimi nikipata chumba kizuri sifikirii mara mbili. Ila chumba kikiwa na mwangwi wa bafuni omni itakuletea bafu lote. Kama hujui utaangukia wapi tafuta zile ambazo kapsuli, yaani kichwa chenye utando, inafunguka unabadilisha, kama Oktava MK-012, mwili mmoja kapsuli kadhaa. Kuna pia kardioidi pana, iko katikati ya hizo mbili, Line Audio wa Sweden wanatengeneza moja inaitwa CM4 na ubavu wake umetulia kweli.

Zote hizi zinataka volti 48 kutoka kwenye intafesi (kile kiboksi kinachounganisha maiki na kompyuta) au mixa yako, ile swichi ya fantomu, umeme unaopita kwenye waya uleule wa maiki. Ukijiuliza kwa nini 48 na siyo 50, ni kwamba mwaka 1966 Neumann walikuwa wanaipelekea redio ya taifa ya Norway zile KM 84, na studio za kule tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, wakautumia huohuo, na dunia nzima ikafuata taa za watu.

Kuhusu kununua moja au pea, nunua pea kama unaweza, siyo lazima kwa sababu ya stirio ila kwa sababu utajifunza haraka. Ziweke mtindo wa ORTF, vichwa viachane sentimita 17 na pembe ya digrii 110, utasikia gitaa limekaa mbele yako kabisa. Na kama ni moja tu, anzia freti ya 12, sentimita 25 hivi, uelekeze kidogo kwenye pale shingo inapoungana na mwili. Usiielekeze kwenye tundu, watu wote wanaanzia hapo kwa sababu wanaona ndo sauti inatokea, hewa ya ndani ya gitaa inangurumia hapo karibu na hezi 100 na utapata mbum mbum tu.

Unyevu nao ni adui, chaji inavujia kwenye unyevu na maiki inaanza kupasuka kama moto wa kuni. Ikifanya hivyo usiitupe, iweke kwenye kiboksi na vile vipakiti vya silika siku mbili, mara nyingi inapona.

Siku ya kujaribu, beba gitaa lako mwenyewe, rekodi kitu kilekile kwa kila maiki, alafu sawazisha sauti zake kabla hujasikiliza, yaani kabisa kabisa, maana iliyo juu hata kwa desibeli moja utaiona nzuri bila kujua kwa nini. Mwambie mtu akubadilishie we umefumba macho. Mimi nikifanya hivyo mara mbili nimechagua ile ya bei ndogo, na moja wapo ndo iko kwenye stendi hapa pembeni yangu naandika.