Diski ikikataa kufuta faili usikimbilie kufomati: dhana potofu na ukweli wake

Huku Lamu ukimwambia mtu diski yako ya nje inakataa kufuta faili, jibu la kwanza utakalopewa ni "ifomati tu hiyo, itakaa sawa." Jibu hilo linanikera sana, manake ndani ya hizo diski ndo mna video za harusi, kasida za maulidi, picha za marehemu wetu, kazi za watoto za chuo, na nyingi hazina nakala pengine popote. Kufomati kunaondoa shida ya ruhusa, ni kweli, lakini inaondoka pamoja na kila kilichokuwemo. Na mara nyingi shida yenyewe ilikuwa ya dakika kumi.

"Diski ni yangu, nimeinunua kwa pesa zangu, itaninyimaje ruhusa?"

Hii ndo naisikia kuliko zote. Diski kubwa nyingi za nje zinazotumika na Windows zimepangwa kwa mfumo wa NTFS, huu ulitoka 1993 na Windows NT, na kwenye NTFS kila faili na kila foda ina mwenyewe na ina orodha ya nani anaruhusiwa kusoma, nani kuandika, nani kufuta. Sasa kompyuta haimtambui mtu kwa jina, inamtambua kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21 na kuendelea. Ukiweka Windows upya, ama ukinunua laptopu nyingine, hata ukijiita jina lile lile na nywila ile ile, namba ni mpya. Kwa hiyo faili za zamani ni za mtu mwengine kabisa na wewe ni mgeni mlangoni.

Kuna maalim mmoja wa madrasa pale Langoni laptopu yake ilikufa stima iliporudi kwa nguvu, akanunua nyingine, akachomeka diski ya darsa zake za miaka na miaka, na kila akitaka kupanga foda ama kufuta zilizojirudia anaambiwa hana ruhusa. Akaja nayo imefungwa kwenye leso. "Mwanangu, wameniambia imekufa hii, niifomati." Nikamwambia maalim, hapana, haijafa, ngoja tuone ni ya nani kwanza. Tukabonyeza foda kwa kitufe cha kulia, tukaingia Properties, kisha Security, kisha Advanced, na pale juu penye Owner hapakuwa na jina, palikuwa na hiyo namba ndefu tu, mwenyewe ni akaunti ya ile laptopu iliyokufa. Tukabonyeza Change tukaandika jina la akaunti yake ya sasa, tukatia tiki kile kisanduku cha kubadilisha mwenyewe hadi kwenye foda za ndani, tukamalizia kwa kuipa akaunti yake ruhusa kamili. Darsa zote zikafunguka, hakuna hata moja iliyopotea.

Kama foda ni nyingi hiyo njia inachosha, basi fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa kulibonyeza kitufe cha kulia na kuchagua Run as administrator, uandike takeown /f E:\Darsa /r /d y na ikimaliza uandike icacls E:\Darsa /grant Fatma:F /t, ambapo E ni herufi ya diski yako, Darsa ni foda, na Fatma ni jina la akaunti yako. Jina la foda likiwa na nafasi katikati, anwani yote itie ndani ya alama za kunukuu. Na nakuomba sana, hizi amri usizipige kwenye diski C yote, utavuruga ruhusa ambazo Windows yenyewe inazitegemea na hapo ndo utakuwa na shida ya kweli.

"Lakini mimi ni admin" nalo si jibu. Tangu Windows Vista hata akaunti ya admin inafanya kazi kwa mamlaka iliyopunguzwa mpaka uombe ipandishwe, ndo maana nikasema lile dirisha ulifungue kama administrator, ukilifungua hivihivi itakugomea.

Alafu kuna kile kisanduku cha Read-only. Mtu anaingia Properties ya foda, anaona kisanduku kimejazwa, anakitoa, anabonyeza OK, akirudi kimejaa tena, basi anaapa kuna virusi. Hakuna virusi hapo. Kwenye foda hicho kisanduku hakimaanishi foda imefungwa, Windows inakitumia kwa mambo yake ya muonekano wa foda, na ukikitoa kinagusa faili za ndani tu. Kinarudi kwa sababu ndivyo kilivyoundwa. Nishaona watu wakipoteza mchana mzima na hicho kitu.

Sasa fleshi na kadi za memori ni habari nyingine, na hapa mafundi wengi wanachanganya. Nyingi zina FAT32 au exFAT, na mifumo hii miwili haina mambo ya mwenyewe wala ruhusa hata kidogo, kwa hiyo takeown haitakusaidia na ukisikia mtu anataka "kukurudishia ruhusa" ya fleshi ya FAT32 jua anabahatisha. Ikikataa kufuta, tafuta kwengine. Kama ni kadi ya kamera angalia kile kidude kidogo cha kusogeza pembeni, kikishuka upande wa kufunga haiandikiki wala haifutiki, wapiga picha wa harusi hili liwakae. Kama kidude kiko sawa, huenda mpangilio wa ndani umevurugika kwa sababu mtu aliichomoa inaandika, hapo amri ya chkdsk E: /f kwenye lile dirisha la amri hutengeneza mara nyingi, lakini KWANZA kopi unachoweza kukopi, manake diski inayougua ukiilazimisha kujikagua saa nzima inaweza kukata roho hapo hapo. Na ikiwa fleshi imekubali kusoma lakini inakataa kila uandishi, kwenye kila kompyuta, na kufomati pia inakataa, hiyo mara nyingi imechoka. Chipu zake zina idadi ya mara za kuandikwa, zikifika mwisho baadhi ya fleshi hujifunga zibaki za kusoma tu. Toa vitu vyako haraka, nunua nyingine, usimlipe mtu wa "kuifungua."

Na kabla ya yote badilisha waya. Hewa yetu ya chumvi inakula vichwa vya waya na matundu ya USB, diski inakatika katika katikati ya kazi, na mtu analaumu diski bure.

Huko Shela kwenye nyumba za wageni na kwa wapiga picha wenye Mac naisikia hii: "Mac imeifunga diski yangu." Mac haijafunga kitu. Mac inasoma NTFS lakini yenyewe haiandiki wala haifuti humo, kwa hiyo utaona kila kitu na hutaweza kugusa. Ukirudisha diski kwenye Windows inafanya kazi kama kawaida. Kama diski lazima itembee kati ya Mac na Windows, ikopi yote pahali salama kisha ipange kwa exFAT, pande zote mbili zinaandika. Usiende FAT32 kwa sababu haibebi faili inayofika GB 4, na video ya harusi siku hizi inapita hapo kabla bibi harusi hajatoka ndani. Ila exFAT nayo haina ule ulinzi wa kumbukumbu wa NTFS, ukiichomoa ghafla inavurugika upesi zaidi, kwa hiyo mwenye exFAT asiwe mtu wa kuchomoachomoa.

Kuna ile ya saiba. Umechomeka fleshi kuprinti barua, umerudi nyumbani foda zote zimekuwa njiamkato (shortcut), ukibonyeza hakuna kitu, na unaambiwa "virusi vimekula." Angalia nafasi iliyotumika: kama fleshi ilikuwa na GB 12 na bado inaonyesha GB 12, vitu vimo, vimefichwa tu. Usibonyeze hizo njiamkato, ndo zinasambaza. Kagua kwa antivairasi, kisha kwenye dirisha la amri andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na foda zitajitokeza, saa zingine zimerundikwa ndani ya foda moja isiyo na jina.

"Faili inatumika na programu nyingine" hii ni kweli kama inavyosema, funga pleya, funga WhatsApp ya kompyuta kama ulikuwa unatuma hiyo video, ikishindikana zima uwashe.

Na nafasi kutorudi baada ya kufuta? Kwenye diski kubwa ya nje vitu vinaingia pipa la taka lililofichwa ndani ya diski hiyo hiyo, na Mac ndo zaidi, pipa halijamwagwa nafasi hairudi. Fleshi kwenye Windows kwa kawaida haina pipa, ukifuta umefuta, na hapo ndo watu wanaingia baridi wakidhani hakuna tena njia. Ipo. Kufuta kunaondoa anwani tu, yaliyomo yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo dakika ile ile umegundua umefuta kimakosa, simama, usiweke kitu chochote, usipige picha nyingine na hiyo kadi. Chukua PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, ni ya bure, iweke kwenye kompyuta na si kwenye fleshi yenyewe, na zitakazopatikana zihifadhi diski nyingine. Diski za SSD hazina uhakika huo, zikipata amri ya TRIM, ile inayoiambia diski isafishe sehemu za faili zilizofutwa, huenda husomi kitu tena. Kwa kadi na fleshi jaribu kabisa, ila jua kwamba PhotoRec kwa kawaida hairudishi majina ya faili wala mpangilio wa foda, utapata rundo la faili zenye namba na utakaa uzifungue moja moja mpaka umpate bibi harusi wako.