Kabla hujatoa malalamishi yako ya ubaguzi kazini, jua ni nini unatoa

Kama ulipeleka malalamishi kwamba unabaguliwa kazini na sasa kuna mtu anakusukuma uyatoe, ama ni wewe mwenyewe umechoka unataka tu amani, soma hii kwanza kabla hujaweka sahihi mahali popote. Sikuambii usitoe. Kutoa ni haki yako na kuna wakati ni uamuzi wa busara kabisa, mtu amepata kazi ingine, ama mkubwa aliita kikao mambo yakarekebishwa, ama afya haimruhusu kuendelea kukimbizana na korti. Kitu inanisumbua ni kwamba hapa Kisumu na huku kwote magharibi, Siaya, Busia, Kakamega, Bungoma, watu wanatoa bila kujua wametoa nini, halafu baadaye wanarudi kwetu wakitaka kuanza upya na tunakuta karatasi walisaini imeshawafunga, ama muda umeisha.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya kinakataza ubaguzi, na si serikali peke yake imekatazwa, ata mtu binafsi na kampuni. Halafu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inataja kabila, rangi, jinsia, dini, lugha, maoni ya kisiasa, ulemavu, mimba, hali ya HIV na mengine, na inahusu kila kitu kuanzia kuajiriwa, trening, promoshen, masharti ya kazi, mpaka kufutwa. Kwa hivyo kama ulinyimwa promoshen juu ya jina lako la pili, ama kontrakti haikurenyuliwa tumbo ilipoanza kuonekana, hiyo si maneno ya ofisi tu, ni sheria imevunjwa.

Sasa, malalamishi yako yako wapi? Hilo ndio swali la kwanza tunauliza mtu akiingia kwetu, juu watu wanasema tu "nimeshtaki" na ukichunguza unapata aliandikia HR barua, ama alienda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, ama aliandikia tume, ama iko kortini kabisa, na kila mahali kutoa kuna matokeo yake.

Kama iko kwa HR peke yake, kuitoa hakukupotezei haki ya kwenda mbele. HR si korti na meneja hawezi kukuambia ati kwa vile ulitoa huku huwezi kwenda leba. Shida kubwa hapa ni ile barua utaandika ya kutoa, na hapa nataka nikae kidogo juu hapa ndio naona watu wakiumia sana.

Chukua mfano wa dada anafanya kazi hoteli, amerudi kutoka likizo ya uzazi, ile miezi mitatu ya malipo kamili sheria inampa, anapata kiti yake imepewa mwingine na yeye anatupwa kitengo cha chini. Analalamika. Baada ya wiki kadhaa anaitwa, anaambiwa tukirudisha hii mambo nyuma utapata shifti nzuri, na barua imeshaandikwa tayari, yake ni kusaini. Barua inasema: "Naomba msamaha kwa usumbufu, madai niliyotoa hayakuwa ya kweli, nilielewa vibaya." Anasaini juu anataka shifti. Hiyo barua haijatoa malalamishi tu, imesema alidanganya. Na itatumika mara mbili. Siku akienda kortini, upande ule utaitoa kama ushahidi kwamba yeye mwenyewe alikubali hakuna ubaguzi ulitokea. Ni kweli sheria inamwambia mwajiri ndiye athibitishe kwamba hakubagua, lakini Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2020 kwamba mfanyakazi lazima kwanza aweke msingi wa madai yake ndio mzigo uhamie kwa mwajiri, na sasa wewe utaweka msingi gani na barua yako mwenyewe inasema ulielewa vibaya? Mara ya pili itatumika kukufuta kazi. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinakataza kumfuta mtu kwa sababu ameshtaki mwajiri wake ama ana mpango wa kushtaki, lakini kina mlango mdogo, kwamba ulinzi huo hauko kama malalamishi yameonyeshwa kuwa ya ovyo na hayana msingi. Barua ya "nilidanganya" inampa mwajiri huo mlango bure.

Kama lazima uandike, andika fupi: kwamba umeamua kutoendelea na malalamishi ya tarehe fulani kwa wakati huu, na hujaachilia haki zako za kisheria. Basi. Usieleze sababu, usiombe msamaha, usiseme ilikuwa uwongo kama haikuwa uwongo. Kutoa malalamishi si kukubali kwamba ulidanganya, na usikubali mtu akuandikie barua na maneno yake halafu akwambie weka sahihi hapa haraka gari inangoja.

Jambo lingine ni muda, na hili halina huruma kabisa. Kesi ya kazi chini ya Sheria ya Ajira ina miaka 3 kuanzia siku kitendo kilifanyika, na kama ni madhara yanaendelea, ni miezi 12 baada ya kukoma. Korti za kazi zimesema tena na tena hazina nguvu ya kuongeza huo muda. Ukilalamika, ukatoa, ukakaa, ukarudi, muda ulikuwa unahesabika siku zote hizo. Ata zile siku mlikuwa mnaongea na HR, ata zile mlikuwa kwa afisa wa leba mkijaribu kusikizana, zilihesabika. Watu wengi wanadhani kulalamika kulisimamisha saa. Haikusimama. Kwa hivyo kama unatoa ukisema "nitarudi mambo yakiharibika tena", tafuta tarehe ya kile kitendo, andika mahali, na uhesabu. Kuna njia ya kwenda na ombi la kikatiba chini ya kifungu cha 27, ambayo haina miaka imeandikwa, lakini jaji atakuuliza mbona ulichelewa, na lazima uwe na jibu la maana.

Kwa ofisi ya leba kuna muda mwingine mfupi zaidi. Kama ulifutwa na unaona si haki, kifungu cha 47 kinakupa miezi 3 kupeleka malalamishi kwa afisa wa leba. Ukitoa hapo na miezi hiyo ipite, njia ya leba imeenda, inabaki korti.

Tume nazo ni tofauti. Kisumu tuko na bahati, Tume ya Jinsia na Usawa iko na ofisi, Tume ya Haki za Binadamu pia, na watu wa Trans Nzoia wanaweza kwenda ile ya Haki za Binadamu iko Kitale. Ubaguzi wa kabila unaweza kupelekwa kwa Tume ya Uwiano na Utangamano, ambayo sheria yake ya 2008 pia inasema ofisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kitu watu hawajui ni kwamba kifungu cha 252 cha Katiba kinazipa zile tume mbili za kwanza nguvu ya kuchunguza jambo zenyewe bila kungoja mtu alalamike. Kwa hivyo unaweza kutoa malalamishi yako na tume iendelee, sanasana kama wanaona si wewe peke yako, ni mtindo wa kampuni nzima. Hiyo si kukusaliti. Lakini ni vizuri uwaulize waziwazi: nikitoa, jina langu litabaki kwa faili? mtanihitaji kama shahidi? Na mwajiri akikwambia "toa hii na itaisha", jua hana uwezo wa kukuahidi hivyo.

Kortini ndio pagumu. Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko na vituo vyake, Kisumu, Nakuru, Kericho na kwingine. Kwa kawaida ya kesi za madai, ukitoa mapema kabla kesi haijapangiwa siku ya kusikizwa, unaandika notisi tu na haikuzuii kufungua ingine baadaye, mradi ile miaka 3 haijaisha. Ikishapangiwa kusikizwa, unahitaji upande ule mwingine ukubali na kila mtu asaini, ama uombe ruhusa ya jaji, na jaji anaweza kuweka masharti, pamoja na gharama na kama utaruhusiwa kushtaki tena. Mahakama ya Rufaa ilifafanua hizi hatua mwaka 2015. Gharama ni kitu cha ukweli, loya wao ameshafanya kazi na anaweza kuomba ulipe, ingawa jaji ana hiari ya kuamua kulingana na haki, na mkikubaliana mapema kwamba kila mtu abebe zake, hakikisha imeandikwa, si kuambiwa kwa korido.

Alafu kuna tofauti moja naomba uishike vizuri. Kesi iliyotolewa na kesi iliyowekwa kwamba imemalizwa kwa makubaliano si kitu kimoja. Ya kwanza haijaamuliwa. Ya pili, mkiweka makubaliano mbele ya korti, yanakuwa amri, na kuyavunja baadaye lazima uonyeshe ulaghai, ama njama, ama ulikosea juu ya jambo la msingi. Kubadilisha mawazo tu haitoshi. Ukiwa huko kortini na hujaelewa ni gani inaandikwa, inua mkono uulize. Jaji hatakula wewe, na loya wako yuko hapo kwa ajili yako.

Tuje kwa pesa. Mara nyingi kutoa kunakuja na bahasha, na karatasi ya diskaji inayosema umelipwa kila kitu na hudai chochote tena milele. Je inakufunga? Mahakama ya Rufaa mwaka 2013 ilisema kusaini karatasi kama hiyo hakuzuii korti moja kwa moja kuchunguza kama ulifutwa kwa haki, kila kesi inaangaliwa kivyake. Lakini mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ikamfunga mfanyakazi na makubaliano aliyosaini, juu alisaini kwa hiari akijua na pesa akachukua. Kwa hivyo usitegemee ati utasaini ule pesa halafu utarudi. Kama ulilazimishwa, ulidanganywa, ama haukuelewa lugha, hayo ni mambo ya kumwambia wakili haraka, si baada ya mwaka.

Na kabla ya kukubali ile bahasha angalia ndani iko nini. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, siku za livu hukuchukua, notisi kama unastahili, hizo ni haki zako tayari. Cheti cha huduma pia, mwajiri analazimishwa na sheria kukupa ukishamaliza kazi, labda kama hukufikisha wiki 4. Nimechukia sana kuona mtu anapewa pesa zake mwenyewe kama bei ya kunyamaza. Kufutwa bila haki, korti inaweza kukupa mpaka mishahara ya miezi 12, na fidia ya ubaguzi inaweza kuwa juu ya hiyo. Mwaka 2013 korti ya Nairobi ilimpa mwanamke aliyebaguliwa kwa sababu ya HIV na mimba karibu shilingi milioni 7. Si kila kesi itafika hapo, nyingi hazifiki karibu, lakini ujue unalinganisha bahasha yako na nini.

Kama malalamishi yako ni ya kusumbuliwa kingono na uliandikisha polisi, hapo kutoa si kwako tena. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi ama mashtaka si wa mlalamishi, siku hizi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na akitaka kusimamisha kesi iko kortini lazima korti iruhusu. Huku kwetu wazee na ata wachungaji wanakaa chini na familia mbili, pesa inapeanwa, inasemwa imeisha. Kwa sheria haijaisha, na wewe unaweza kuitwa kutoa ushahidi ilhali umeshakula pesa ya watu. Wazazi wetu wanafanya hivyo kwa kutaka amani, naelewa, lakini mnamweka msichana mahali pabaya.

Kwa wale wako kwa yunioni, kwa mfano mashamba ya maua Naivasha ama chai Kericho, kama ni yunioni ilipeleka kesi, uliza nani ametoa na nani alimpa ruhusa, na uombe kopi. Na mkiwa mlishtaki wengi pamoja, wewe kutoa yako hakutoi ya wenzako.

Kama umeshatoa na unasoma hii ukiwa na wasiwasi, fanya haya wiki hii. Tafuta kopi ya kila kitu ulisaini, kama huna andikia HR imeli uiombe ili ibaki rekodi. Pangilia skrinshoti na memo kwa tarehe. Andika siku kitendo kilifanyika na uhesabu miaka 3. Kama tangu utoe umeanza kunyimwa shifti, kuhamishwa ama kuandikiwa barua za onyo, hayo ni mambo mapya yenye tarehe zake mpya, na unaweza kuyalalamikia yenyewe. Nenda ofisi ya leba ya kaunti yako ama ofisi za tume, ama FIDA, shirika la mawakili wanawake, hapo Kisumu kama wewe ni mwanamke na huna pesa ya wakili, na ubebe hizo karatasi zote, ata ile unaona aibu nayo, juu hiyo ndio watataka kusoma kwanza.